Mwaka Mmoja Katika Masjala

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa utunzaji wa kumbukumbu mbele ya wanachama. Yapigwa chapa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa, nami sikuistahili, kwa kuwa wengi wenu mlishika kalamu ya Serikali kabla mimi sijazaliwa. Nimeombwa nieleze habari za mwaka mmoja niliopelekwa na chuo kufanya kazi katika masjala ya ofisi moja ya wilaya. Jina la ofisi hiyo sitalitaja, na sababu yake mtaiona.

Nilifika pale nikiwa na majivuno ya darasani. Nilijua Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Nilijua ya kuwa majalada ya zama za Wadachi yaliyohifadhiwa Dar es Salaam yalitiwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Nilijua hata habari za Martin Kayamba na makarani wenziwe walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, na nilipenda kuwataja mbele ya wanafunzi wenzangu. Lakini kugonga mhuri wa tarehe pasipo kufunika sahihi ya mwandishi wa barua, hilo sikulijua, na siku ya kwanza niliharibu barua tatu.

Mkuu wa masjala alikuwa mzee aliyebakiza miaka miwili tu kustaafu. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, mwanangu, akanipa kigoda karibu na dirisha. Kazi aliyonifundisha nyote mwaijua: barua hufunguliwa, ikagongwa mhuri, ikaandikwa katika daftari la barua ziingiazo, kisha hutafutwa jalada lake, ikatiwa nambari ya folio pembeni juu mkono wa kuume, na jalada likapelekwa kwa afisa anayehusika, na kutoka kwake kukaandikwa. Mshahara sikuwa nao. Nauli nilipewa na mjomba wangu, na chakula cha mchana mara nyingi kilikuwa maandazi mawili. Hayo siyasemi kwa kunung'unika. Wenzangu wengi ndivyo walivyoishi.

Mwezi wa pili nilipewa kazi ya peke yangu. Mvua ya mwaka uliopita ilikuwa imetoboa paa la chumba cha nyuma, na majalada ya watumishi yaliyokuwamo yalihamishwa kwa haraka. Karatasi nyingi zilichomoka, zikatiwa katika masanduku manne. Niliambiwa nizirudishe kila moja katika jalada lake. Sanduku la kwanza lilikadiriwa siku tatu, mimi nikalimaliza kwa siku moja. Mzee alinisifu mbele ya watu wote, nami nikatembea siku hiyo kama mtu aliyepandishwa cheo. Masanduku mawili yaliyofuata nikayaendesha kwa mwendo ule ule.

Ikapita miezi mitano. Asubuhi moja akaja mama mmoja muuguzi, aliyetimiza miaka 60 na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ule ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko iliyotangulia, ulimtaka barua ya kuajiriwa na barua ya kuthibitishwa kazini. Ya kwanza ilikuwamo katika jalada lake, ya pili haikuwamo. Nakala yake mwenyewe iliteketea pamoja na nyumba. Hiyo ilikuwa safari yake ya tatu. Alitoka kata ya mbali, akilala kwa jamaa, na kila safari alijibiwa arudi mwezi ujao. Alikaa katika benchi mbele yangu, viatu amevivua kwa uchovu, akasema, “Mwanangu, miaka yote ile nimeifanya kazi. Mbona karatasi yasema sikuifanya?”

Nilitazama jina juu ya jalada lake, na mwili ukaniingia baridi. Jina lile nililikumbuka kutoka masanduku yale, na tena nilikumbuka ya kuwa yuko mwalimu mmoja mwenye majina hayo hayo matatu. Mimi nilipanga karatasi kwa kusoma majina. Cheki namba sikuitazama kila mara, kwa sababu kuitazama kulinipunguzia mwendo.

Nilikwenda rafuni kutafuta jalada la mwalimu yule. Halikuwapo. Daftari lilionyesha ya kuwa alihamishwa wilaya nyingine, na jalada lake likamfuata.

Hapa, wazee wangu, niwaambie kweli. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kujua. Miezi mitano ilibaki, cheti changu kilikuwa mbele yangu, na masjala ile ilikuwa na sababu ya kutosha ya kusingizia: mvua. Nilikaa na jambo hilo usiku mzima na nusu ya siku ya pili. Alipotoka mzee kwenda kuswali adhuhuri nilimngoja mlangoni, na aliporudi nikamweleza. Hakunikemea. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia nimfuate kwa Afisa Utumishi. Huko, kabla sijafungua kinywa, alisema, “Bwana, huyu kijana amekosea, lakini aliyemsifu kwa haraka yake ni mimi, na kazi yake sikuihakiki.” Nimesoma vitabu vingi vya uongozi chuoni, maneno hayo sikuyakuta.

Barua ikaandikwa kwenda wilaya ile, na mimi mwenyewe nikapiga simu kila Jumatatu. Baada ya majuma matano barua ya mama ikarejea, ya mwaka 1988, imekunjwa mara nne na pembe moja imeliwa na maji. Nikaitia folio kwa mkono wangu. Mama alipoitwa aliisoma yote kwa sauti ndogo, akaomba nakala mbili, akaenda zake. Asante hakunipa, na haki yake.

Kisha tukayarudia majalada yote niliyoyagusa. Kazi ile ilichukua miezi miwili, na zilionekana karatasi nyingine kumi na moja zilizokaa kwa wageni. Wako wasemao ya kuwa kompyuta itayamaliza mambo haya. Huenda ikapunguza, illa mtu akiingiza karatasi ya Fatuma huyu katika jina la Fatuma yule, mashine itaihifadhi pale pale kwa uaminifu.

Mwalimu wa chuo alikuja kunikagua mara moja, akakaa robo saa. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya mahudhurio, mavazi na nidhamu. Nafasi ya kosa haikuwamo. Mwenzangu alinishauri nisiliandike katika daftari langu la mafunzo, nami nikaliandika, kurasa nne. Maksi zangu zilipungua, na sikushtaki.

Kwa hiyo nina ombi kwa chama hiki, ambacho wanachama wake ndio wanaowapokea wanafunzi. Mwanafunzi apewe mtu mmoja wa kumhakiki kazi yake kila Ijumaa, hata kwa karatasi kumi tu, na jina la mhakiki liandikwe. Na chuo kiombwe kuongeza katika fomu yake mstari wa kuuliza ni kosa gani lililotokea na lilisahihishwaje.

Nilipoondoka, sanduku la nne lilikuwa halijapangwa. Mwanafunzi aliyenifuata nilimwonyesha lilipo, nikamwachia karatasi yenye majina manane yanayofanana, kila moja na cheki namba yake.