Hesabu ya Waya Mwembamba

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, karani wa stoo, mbele ya mkutano wa chama, Mbinga)



Mmeniomba niseme juu ya hesabu ya umeme, nami si fundi. Mimi ni karani wa stoo, na hesabu hii nilifunzwa na aibu. Basi nitaanza na aibu yenyewe.

Nilikuwa katika kituo kimoja pwani ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo nyaya za gridi zilikuwa hazijafika. Zahanati ikapata paneli za sola, betri za volti 12, na jokofu la kuwekea chanjo. Betri tulizifungia katika stoo yangu kwa kuogopa wezi, na kutoka stoo hadi chumba cha jokofu ni mita 20. Fundi aliandika waya wa milimita 6 za mraba. Mimi nikatazama bei, nikafuta, nikaandika milimita 1.5, tena nikajisifu kwamba nimeokoa fedha za Serikali.

Mchana jokofu lilikwenda vema. Usiku liliwaka na kuzimika, likawaka na kuzimika, na siku moja chanjo zikaharibika. Akina mama walioshuka milimani kwa miguu, watoto mgongoni, wakarudishwa hivi hivi. Kwa kuwa kasoro ilikuwa ya usiku, muuguzi wa zamu alidhaniwa kuwa huacha mlango wazi, akapewa barua ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua. Mwajua wenyewe uzito wa barua ya namna ile kwa mtu aliyebakiza miaka michache kufikia kiinua mgongo chake.

Fundi alipoitwa alipima volti mwisho wa waya, hali jokofu limezimwa. Akapata 12 kamili, akasema waya ni mzima. Hapo ndipo tulipopotea sote.

Mwaka 1827 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Georg Simon Ohm, alitoa kitabu chenye kanuni tuitumiayo hata leo. Volti hupima msukumo wa umeme. Ampea hupima wingi wa mkondo upitao. Omu hupima ukinzani, yaani jinsi waya au chombo kinavyoupinga mkondo. Ukigawanya volti kwa ampea wapata omu. Ukizidisha volti kwa ampea wapata wati, ambazo ndizo kipimo cha nguvu. Pasi ivutayo ampea 5 katika volti 230 ina ukinzani wa omu 46, nayo hula wati 1,150. Ajuaye kugawanya posho ya safari ajua na hili.

Lakini waya nao una ukinzani wake, nao hujitwalia sehemu ya volti, ila hujitwalia pale tu mkondo unapopita. Mkondo usipopita, hautwai kitu. Kwa hiyo kipimo cha fundi kilisema kweli, nacho kikatupoteza.

Fundi wa pili alingoja jua litue, akapima wakati jokofu linavuta. Penye betri, volti 12.0; penye jokofu, 9.7, mkondo, ampea 5. Volti 2.3 zimepotea njiani. Gawanya kwa 5, wapata omu 0.46. Kisha akahesabu kwa njia nyingine. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na unene wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa omu 0.0172. Mita 20 za kwenda na 20 za kurudi ni 40 (umeme sharti urudi, na wengi husahau safari ya kurudi). Zidisha, gawanya kwa 1.5, ni 0.46 ile ile. Hesabu mbili zilikutana kama daftari la fedha na sanduku lake.

Jokofu lile hujizima volti zikishuka chini ya 10.4. Likijizima mkondo hukatika, volti hupanda, nalo hujaribu tena usiku kucha. Mchana jua lilipandisha betri hadi 13.5, ukitoa 2.3 hubaki 11.2, likaenda bila taabu. Mlango haukuwa na neno.

Wati 11.5 kati ya 60 zilikuwa zikigeuka joto ndani ya waya. Katika umeme wa volti 230, upungufu wa 2.3 ni sehemu moja katika mia, wala hapana ambaye angeutambua. Ndiyo sababu umeme wa safari ndefu hupandishwa volti: njia ya Makambako hadi Songea, iliyotuletea gridi ya Taifa mwaka 2018, ni ya volti 220,000. Kwa wati zile zile, volti zikiongezwa mara kumi, mkondo hupungua mara kumi, na hasara ya waya hupungua mara mia, maana hasara hiyo ni ampea mara ampea, kisha mara omu.

Niliandika maelezo kwa mkono wangu, nikaambatisha hesabu hizi, na barua ya yule Bibi ikaondolewa katika faili lake. Tukanunua waya wa milimita 6, upungufu ukashuka hadi volti 0.57. Mimi nilipata onyo, nalo limo katika faili langu hata leo.

Waya ule wa kwanza sikuutupa. Upo mezani hapo, mita 40 kamili, pamoja na betri na taa ya gari ya wati 60. Atakaye na aje apime, kwanza taa ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inawaka.