Sauti Anazosikia Mlevi

Leo tunataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao vijijini mwetu watu husema ni kurogwa.

Mtu amekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi. Ghafula anaacha, pengine fedha zimemwishia, pengine anaumwa. Kabla siku haijaisha mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usingizi hapati. Siku ya pili anaona siafu ukutani, nasi hatuwaoni. Siku ya tatu anaweza kushikwa na homa, asijue yuko wapi, akapigana na watu ambao hawapo. Daktari mmoja wa Uingereza, Thomas Sutton, aliueleza ugonjwa huu tangu mwaka 1813. Basi si jambo geni.

Sababu yake ni hii. Pombe hulegeza ubongo, nao ubongo hujikaza ili usilale. Ni kama watu wawili wanaovutana kamba: mmoja akiachia, mwenzake anaanguka. Mgonjwa huyu asipotibiwa anaweza kufa. Tukimfunga kamba nyumbani huku tukimngoja mpiga ramli, tunapoteza saa ambazo zingemwokoa. Apelekwe hospitali siku ile ile. Huko watampa dawa ya kumtuliza na vitamini B1.

Yuko mlevi mwingine. Huyu anajua yuko wapi na anazungumza vizuri, ila anasikia sauti zikimtukana. Akiacha pombe kwa msaada wa mganga wa zahanati, kwa kawaida sauti hupotea baada ya siku au majuma machache.

Je, huo ndio wazimu uitwao skizofrenia? Hapana. Skizofrenia mara nyingi huanza ujanani, hata kwa mtu asiyeonja pombe. Sauti zinadumu mwezi na zaidi. Anaamini watu wanamtia mawazo kichwani, anajitenga, kuoga anaacha. Dawa zake zipo tangu miaka ya 1950, nazo hunywewa kwa muda mrefu.

Lakini hapa ndipo wengi tunapokosea. Kijana mwenye skizofrenia huweza kunywa pombe ili sauti zinyamaze, nasi tunasema, "Pombe imemtia wazimu," kumbe ugonjwa ulitangulia! Na pombe inamzidishia. Tena wako walevi wachache ambao wameacha kunywa lakini sauti haziondoki. Hao warudi wakapimwe upya.

Kwa hiyo mkimpeleka mgonjwa, mwelezeni mganga alikunywa lini mara ya mwisho, na sauti zilianza lini: kabla ya pombe au baadaye? Mganga hawezi kulijua hilo kwa kumtazama. Mama yake analijua.