Ndege Wezi wa Stroberi

Leo twapenda kuwasimulia habari za William Morris, fundi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1834.

Katika bustani yake ya Kelmscott ndege walikuwa wakiiba stroberi, matunda madogo mekundu. Mwaka 1883 Morris aliwachora katika kitambaa cha pamba cha mapazia. Kiwandani pake Merton Abbey, kando ya mto Wandle, kitambaa chote kilitiwa nili kwanza. Kisha dawa ikaondoa rangi mahali pa picha. Halafu nyekundu na manjano zikapigwa kwa mkono, kwa vibao vya mti vilivyochongwa. Kazi ilichukua siku nyingi, na bei ikawa kubwa.

Mwaka ule ule Morris alijiunga na chama cha kutetea wafanya kazi. Alitaka uzuri uwe wa watu wote, walakini maskini hakuweza kununua kitambaa chake. Mashine ingaliipunguza bei, lakini aliona kwamba humnyang'anya fundi furaha ya kazi yake. Alifariki mwaka 1896, na fumbo hilo hakulifumbua.

Nasi tununuapo nguo rahisi, tujiulize: ile bei iliyopunguka, ni nani aliyeilipa?