Adhabu ya kaburi aijuaye maiti

Msikilizaji, katika jumba la makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi mjini Washington, lililofunguliwa mwaka 1993, mgeni hupewa kitambulisho kidogo. Ndani yake mna habari za mtu mmoja aliyeishi Ulaya chini ya utawala wa Wanazi. Mbele yake atalikuta behewa la aina ile iliyotumika kuwasafirishia Wayahudi hadi kambini. Anayetaka huruhusiwa kupita ndani yake.

Nilipita. Nilisimama kitambo, nikajaribu kuwazia msongamano, kiu na vilio vya watoto. Kisha nikatokea upande wa pili kwa miguu yangu mwenyewe, na jioni nikala chakula changu kama kawaida. Wahenga walisema kweli: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa na Wanazi pamoja na washirika wao. Kambi ya Auschwitz, ambako waliangamia watu milioni 1.1 hivi, ilikombolewa na jeshi la Kisovieti tarehe 27 Januari 1945. Aliyekuwa mtoto mchanga siku hiyo sasa amepita umri wa miaka 80. Mashahidi wanatutoka, na waliozaliwa baadaye wanahangaika: watarithi vipi jambo ambalo hawakuliona?

Wako vijana, tangu mwaka 1988, wanaokwenda Poland kutembea kwa miguu kutoka Auschwitz hadi Birkenau. Nchini Israel, baadhi ya wajukuu wamejichora mikononi nambari zile zile walizochanjwa babu na bibi zao kambini. Wapo wanaoliona hilo kuwa ni heshima. Wapo wanaoumia, wakisema alama ya muuaji si urithi wa kujivunia. Mimi siwalaumu wajukuu hao. Lakini nambari ile ilikusudiwa kulifuta jina.

Ndiyo maana moyo wangu unaelekea zaidi kwenye kazi ya msanii wa Kijerumani, Gunter Demnig. Tangu miaka ya 1990 amekuwa akipachika vijiwe vyenye uso wa shaba mbele ya nyumba walimoishi wahanga kabla ya kuchukuliwa. Kufikia mwaka 2023 vilikuwa vimetimia 100,000, katika nchi nyingi za Ulaya. Kila kimoja kina jina, mwaka wa kuzaliwa na yaliyomfika mhusika. Kukisoma, sharti uinamishe kichwa. Hakikudai uyahisi mateso yake. Chakueleza tu kwamba hapa palikuwa na jirani, akachukuliwa, na mtaa ukaendelea na shughuli zake. Swali linalobaki ni la walio hai: wewe ungefungua mlango, au ungefunga dirisha?

Kitambulisho kile cha Washington ningali nacho mezani. Kiu ya mwenyewe siijui, wala sitaijua. Jina lake nalijua.