Lipa Kwanza, Mzigo Baadaye

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, kutuma pesa si tatizo tena. Tatizo ni kuirudisha. Mnunuzi wa Mwanza anaona viatu Instagram, muuzaji yuko Kariakoo, anaambiwa: tuma hela, mzigo unapanda basi jioni. Akishaingiza namba ya siri, pesa imekwenda, na tapeli huitoa kwa wakala kabla mteja hajashtuka. Mwenye kadi ya benki ana nafuu: mzigo usipofika, anaweza kulalamika benki yake, nayo ikazidai fedha kwa benki ya muuzaji. Wa simu anabaki kupiga huduma kwa wateja, akiomba Mungu salio la yule bwana liwe bado lipo.

Lipa namba inasaidia kidogo, maana jina hutokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Lisome. Ila jina si dhamana. Kampuni za simu, ambazo ada hazisahau kutoza, zingeweza kuishikilia pesa hiyo mpaka mteja athibitishe kupokea mzigo. Kwa sasa, kama mko mji mmoja, mlipe bodaboda akifika mlangoni, ukishavijaribu viatu.