HOTUBA YA MWENYEKITI: MWALIMU AKIMDANGANYA MWANAFUNZI WAKE



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka 10. Taarifa ya hisa na mikopo ataisoma mweka hazina. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, sina maneno mengi. Nataka kusema jambo moja tu, ambalo wanachama wa zamani wanalijua na wapya wamelisikia nusu nusu.

Mwaka wetu wa tatu nilikuwa namfundisha kazi mweka hazina mpya, binti mdogo kuliko sisi wote. Siku ya marejesho ya mwezi wa kwanza, daftari likazidi sanduku kwa shilingi 12,000. Binti akaanza kutetemeka. Wakati ule tulikuwa tunahesabu wawili tu, wenzetu wanakunywa chai. Nikafungua fundo la khanga, nikachomeka 12,000 kati ya noti, nikamwambia, "Hesabu tena mwanangu, umeruka." Akahesabu, zikatimia. Akacheka. Mwezi wa pili zikapungua 15,000, nikafanya vile vile.

Moyoni nilijiona mama mwema. Nilimkumbuka somo yangu aliyenifundisha kupika vitumbua. Siku ya kwanza aliniambia vimenunuliwa vyote, kumbe alikuwa kawatupia kuku. Uongo ule ulinipa moyo, na hadi leo vitumbua vinanilisha. Nikasema, basi na mimi nimpe binti moyo.

Mwezi wa tatu nilikuwa msibani. Daftari likazidi sanduku kwa 21,000, safari hii mbele za watu. Niliporudi, mtaa mzima unasema binti ni mwizi. Mama yake hatoki nje kwa aibu.

Katibu akakesha na daftari. Akaona riba inaandikwa mara mbili: mara moja ndani ya marejesho, mara ya pili kwenye safu yake. Kwa miezi mitatu ni 48,000. Hakuna hata senti iliyoibiwa! Tukasahihisha, tukahesabu mbele ya wote. Loo, sasa sanduku ndilo likazidi daftari, kwa 27,000. Watu wakaulizana, hii ni pesa ya nani?

Nikasimama. Miguu niliiona si yangu. Nikasema yote.

Binti hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, uliponiambia ziko sawa, niliacha kulikagua daftari." Neno lile lilinichoma kuliko faini mliyonitoza.

Ndugu zangu, nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Somo yangu alinidanganya juu ya vitumbua vya jana, lakini alfajiri ya pili alisimama nami jikoni, akanionyesha nilipokosea kwenye hamira. Alificha aibu yangu, kosa hakulificha. Mimi nilificha vyote viwili. Tena vitumbua vilikuwa vyangu peke yangu. Sanduku ni la watu wote. Na niseme kweli, sikumhurumia binti tu. Niliogopa mtasema mwenyekiti hajui kufundisha.

Wengine huniambia, "Lakini nia yako ilikuwa njema." Ni kweli, lakini nia njema haikumzuia mtoto wa watu kuitwa mwizi. Ningesema ukweli siku ya 12,000, kosa lingepatikana jioni ile ile.

Njia hii ya sanduku na hisa ilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wenzetu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kilichowalinda ni kuhesabu mbele ya wote na kila mtu kukumbuka. Sisi wenye madaftari tulikunywa chai!

Ndiyo sababu leo tunahesabu kwa sauti, na chai ni baada ya kufunga kufuli zote tatu. Ile 27,000 iliingia mfuko wa jamii. Nanyi mnaofundisha wengine, mwanafunzi akikosea mpeni moyo, mwekeeni mkono begani, lakini kosa mwonyesheni.

Binti yule nimemwomba ruhusa kabla ya kusema haya, akakubali. Ndiye mweka hazina wetu hadi leo, na sasa namkaribisha awasomee taarifa.

Umoja ni nguvu.