Mpiga Kura Mwenye Maarifa Mbele ya Hoja Asiyoipenda

Ndugu wawezeshaji, elimu ya mpiga kura hapa Kenya imejengwa juu ya tumaini moja: mwananchi akiielewa Katiba, kazi za Bunge na manifesto za vyama, atasikiliza pande zote kisha apime. Elimu hiyo naiamini na nitaitetea. Tumaini lenyewe ndilo lenye kasoro.

Mwaka 2006, Charles Taber na Milton Lodge wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio kuhusu udhibiti wa bunduki na nafasi maalumu kwa makundi yaliyobaguliwa. Washiriki waliombwa wapime hoja za pande zote kwa haki. Hoja waliyoipenda waliipokea ilivyo. Iliyowapinga waliikalia kwa muda mrefu wakiisaka dosari. Waliozidi kufanya hivyo ni wajuzi wa siasa, na sababu iko wazi. Kuipangua hoja kunahitaji maarifa. Asiyejua mengi hukosa la kujibu, ilhali mjuzi ana jibu kabla msemaji hajamaliza.

Sisi tuliyaona hayo mwaka 2010. Kabla ya kura ya maoni ya Agosti 4, Ibara ya 26(4) ya rasimu ya Katiba, inayohusu utoaji mimba, iligombaniwa vikali. Ibara hiyo inakataza, kisha inataja hali zinazoruhusu: mtaalamu wa afya akiona dharura, maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Watetezi wa rasimu walishika katazo. Viongozi wengi wa makanisa, waliosimama upande wa La, walishika ruhusa, hasa ile ya afya na ile ya sheria nyingine. Kila upande uliweza kunukuu kwa usahihi maandishi yale yale! Rasimu ilipita kwa takriban asilimia 67, lakini sidhani kwamba kuisoma ibara hiyo mara ya pili na ya tatu kulimhamisha mtu kambi.

Nisieleweke kwamba nasifu ujinga. Mtafiti John Zaller alionyesha mwaka 1992 kwamba asiyefuatilia siasa hata hafikiwi na hoja. Mara nyingi anayebadilika ni yule wa katikati, anayesikia ujumbe lakini hana akiba ya kuukataa. Huyo naye hajapima, amechukuliwa tu.

Dawa ninayoiamini ilijaribiwa mwaka 1984 na Charles Lord, Mark Lepper na Elizabeth Preston, kwa watu waliogawanyika kuhusu adhabu ya kifo, walioombwa wapime tafiti kuihusu. Kuwaambia wawe waadilifu hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kuwataka wajiulize: je, ningeuhukumu hivi utafiti huu kama matokeo yake yangeegemea upande wa pili?

Katika mafunzo yetu, mwisho wa siku huwa tunauliza maswali ya kumbukumbu: seneta hufanya kazi gani, gavana huondolewaje. Maswali hayo yabaki. Tuongeze moja, kwamba mshiriki aieleze hoja ya wapinzani wake mpaka wao wenyewe wakubali kuwa ni yao. Litakula muda, pengine saa nzima, na baadhi ya washiriki watakasirika. Napendekeza tuanze nalo sisi wenyewe alasiri hii, katika vikundi, kwa ibara hiyo ya 26(4), kila mmoja akipewa upande alioupinga mwaka ule.